Kabla Uagize Ile Bunde ya Upepo: Mtutu Peke Yake Tayari ni Bunduki

Kama YouTube yako imeshajua wewe ni mtu wa ushago Kitui ama Makueni, hizi vidio umeziona. Jamaa wa Marekani ama Sweden amekaa kwa meza safi, mbele yake kuna bunduki fupi nyeusi inakaa kitu ya sinema. Analegeza skrubu, anachomoa mtutu, anaingiza mwingine mnene, anabadilisha magazini, basi. Kaliba imebadilika na chai yake bado ni moto. Anazungusha kifundo kimoja kidogo, anaenda nje, anapiga karatasi mita mia moja mbele. Risasi tano, shimo moja.

Na swali linakujia kichwani hata kabla vidio iishe: hii kitu haina baruti, inatumia hewa tu, si naweza itisha mpaka Emali? Nipige kanga. Nifukuze tumbili kwa maembe ya susu. Nikiboeka, ninunue mtutu mwingine niweke.

Buda, tulia kwanza. Hiyo "inatumia hewa tu" ndiyo inaweza kukupeleka ndani miaka, si miezi. Na sisemi hivi kukutisha. Twende pole pole, tuanze na mashine yenyewe, juu huwezi kubishana na sheria kama hujui kitu unachobishania.

Bulpapu ni nini haswa

Kwa bunduki ya kawaida, kifyatulio kiko nyuma ya mashine. Kwa bulpapu kifyatulio kimesongeshwa mbele, na mashine yote ya ndani imerudi kwa kitako, hapo karibu na shavu lako. Faida ni moja kubwa: mtutu unabaki mrefu na bunduki inabaki fupi. Kama umewahi kupita Nanyuki ukaona wale wanajeshi wa Uingereza wa BATUK, ile SA80 wanayobeba ni bulpapu, ingawa hiyo ni ya baruti kabisa.

Kwa bunduki ya upepo, urefu wa mtutu ni maneno mazito. Baruti ikiwaka inatoa nguvu yake kwa haraka. Hewa inasukuma polepole kidogo, kwa hivyo inahitaji njia ndefu ya kusukumia peleti. Ukikata mtutu, hewa nzuri inatokea mdomoni ikipiga kelele bure. Ndiyo maana watu wa bunduki za upepo walipenda bulpapu mapema sana, na kampuni ya FX ya Sweden ikafanya modeli yake ya Impact kuwa kama simu ya bei ghali: kila mtu anaijua, wachache wanayo. Bei yake inapita dola 2,000. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya robo milioni ya Kenya, na bado hujanunua darubini ya kulengea wala kitu ya kujazia hewa.

Kujaza hewa ndiyo sehemu ya kwanza ndoto inagonga ukuta huku kwetu. Chupa ya hewa ya hizi bunduki inachukua presha ya baa 250 hivi. Tairi la Probox linataka baa mbili na nusu. Fundi wa pancha pale stejini, kompresa yake ikijikaza sana inafika 8 ama 10. Kwa hivyo unahitaji kompresa spesheli, ama mtungi wa wapiga mbizi, na wapiga mbizi wako Diani na Watamu, si Mutomo. Na kabla mtu aje na akili nyingi: usiwahi kuweka oksijeni ya welda. Oksijeni ya presha kubwa ikikutana na grisi kidogo tu inalipuka bila kiberiti, na wewe umeikumbatia karibu na uso.

Sasa, kutyuni. Fikiria fundi wa boda anavyocheza na kabureta. Mafuta mengi hewa kidogo, pikipiki inakohoa. Hewa nyingi mafuta kidogo, inachemka. Bunduki ya upepo iko hivyo hivyo. Kuna regyuleta inayoshusha presha kutoka 250 hadi labda 120 ama 140, ndiyo kila shoti iwe na nguvu sawa na ya kwanza. Kuna nyundo yenye springi, inagonga valvu, valvu inafunguka kwa muda mfupi sana na kuachilia hewa kidogo. Ukikaza springi, valvu inakaa wazi zaidi, hewa nyingi inatoka. Lakini inafika mahali kuongeza springi hakuongezi kasi, unamaliza tu hewa kwenye chupa na bunduki inapiga kelele kama nganya ya Rongai. Fundi mzuri anapima kila shoti na kronografu, ile mashine ya kusoma kasi ya peleti, halafu anarudisha springi nyuma kidogo mpaka kasi iwe ile ile shoti baada ya shoti. Hiyo ndiyo siri ya shimo moja kwa karatasi.

Na kubadilisha kaliba si mtutu peke yake. Ile pini inayosukuma peleti hadi mahali pake lazima ibadilike, magazini pia, mara nyingi presha na springi zinapimwa upya, na darubini inalengwa upya. Kaliba zenyewe ni nne zinazojulikana sana: milimita 4.5, 5.5, 6.35 na 7.62. Ya kwanza ndiyo ya mashindano ya Olimpiki. Ya mwisho ndiyo inakuletea shida, na nitarudi kwayo.

Hesabu kidogo, usikimbie. Peleti ya 5.5 yenye gramu 1.17, ikitoka kwa kasi ya mita 270 kwa sekunde, inabeba jouli 43 hivi. Weka mtutu wa 7.62, peleti ya gramu 2.85, kasi karibu ile ile, unapata jouli 100. Umezidisha nguvu mara mbili na zaidi na hujabadilisha bunduki, umebadilisha bomba. Bastola ya milimita 9 ni kama jouli 500, AK-47 kama 2,000. Kwa hivyo si AK. Lakini jouli 43 zinapita fuvu la sungura bila kubisha hodi, na jicho la mtoto wa jirani pia. Hii si toi. Jeshi la Austria lilienda vitani na bunduki za upepo mwishoni mwa miaka ya 1700, karne moja kabla reli ya Mombasa.

Sheria haiulizi kama kuna baruti

Sasa hapa ndipo wasee wengi hupotea. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, haianzi na baruti. Inaanza na mtutu. Bunduki, kwa maana ya sheria hiyo, ni silaha yoyote yenye mtutu inayoweza kuua, na ambayo inaweza kurusha risasi ama kitu kingine chochote. Hewa, gesi, baruti, springi, sheria haijali kinachosukuma. Inajali kinachotoka na kama kinaweza kuua.

Halafu inaendelea, na hapa soma mara mbili. Sehemu muhimu za bunduki pia zinahesabiwa kuwa bunduki. Mtutu umetajwa kwa jina. Kumaanisha ule mtutu wa pili, ule wa kubadilisha kaliba uliofungwa kwa karatasi ya plastiki, ni bunduki nyingine mbele ya hakimu. Hata kama hauna kitako, hauna kifyatulio, hauna hewa, umelala tu chini ya kitanda Wote.

Bado haijaisha. Kifaa chochote kilichotengenezwa kupunguza mlio wa bunduki nacho kinaingia kwa maana hiyo hiyo. Sasa angalia zile bulpapu tena. Nyingi zinatoka kiwandani na ganda la kuzima kelele limezunguka mtutu, juu Ulaya na Marekani wanapiga shabaha nyuma ya nyumba na hawataki jirani asumbuke. Huko ni adabu ya mtaa, huku ni sababu nyingine ya karao kukuuliza maswali magumu.

Hebu hesabu basi: bunduki moja, mtutu wa ziada mmoja, kizima mlio kimoja. Wewe unasema una kitu kimoja. Kiongozi wa mashtaka anahesabu hadi tatu.

Na msee mwenye leseni je? Huyu pia asijidanganye. Cheti cha kumiliki bunduki hakisemi "huyu ni mtu poa, abebe chochote". Kinaandika ni bunduki ya aina gani, ngapi, na risasi kiasi gani. Ukitoa mtutu wa 5.5 ukaweka wa 7.62, kile kitu kilichoandikwa kwa cheti si kile kitu kilicho mkononi. Wale jamaa wa vidio wanabadilisha kaliba kabla chai ipoe, hapa kubadilisha ni safari ya kurudi kwa Bodi ya Leseni za Bunduki. Na bodi hiyo haina mchezo: mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye leseni ya bunduki akaguliwe upya, mabilionea na wanasiasa wakapanga foleni kama sisi wengine tunavyopanga foleni ya kitambulisho.

Mbona basi vidio zinafanya ikae rahisi? Kwa sababu kila nchi ina mstari wake, na mtengenezaji wa vidio anaongea na watu wa kwake. Marekani, sheria ya kitaifa haihesabu bunduki ya upepo kuwa bunduki ya moto. Afrika Kusini wana nafasi kubwa kwa zile ndogo. Uingereza wanaruhusu bila cheti hadi jouli 16 hivi, ukipita hapo uko kwa kundi la bunduki zenyewe, kumaanisha msee anaweza kukaza springi sebuleni kwake na akawa mhalifu kabla asimame. Scotland walikaza zaidi, tangu mwisho wa 2016 hata zile dhaifu zinahitaji cheti. Kwa hivyo hata huko kutyuni si uhuru wa bure. Ni vile tu hiyo sehemu haiwekwi kwa vidio, juu haiuzi.

Na mambo ya "nitaletewa na binamu kwa mzigo kutoka Dubai", wacha tu. Mzigo unapita kwa skana. Binamu ndiye atashikwa kwanza, na atakutaja.

Kwa nini Kitui na Makueni haswa

Unaweza sema hii ni sheria ya Kenya nzima, kwani ni nini spesheli na Ukambani? Ziko sababu, na hazifanani.

Kwanza kuna wale wanaotaka bunduki kwa shida ya kweli, si ushamba wa vidio. Kwa miaka kama kumi na tano watu wa chini huko wamehimizwa kulima mtama mweupe wa Gadam, mfupi, unaokomaa haraka, unavumilia jua, na una soko kwa watengenezaji pombe. Ni mbegu poa. Shida ni kwamba ndege wanaupenda kuliko hata kampuni ya bia. Kwelea anakula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Kidogo, eh? Lakini kwelea haji peke yake. Ndege laki moja ni tani moja kwa siku. Milioni moja ni tani kumi. Ukikulia Mwingi ama Kibwezi unajua maana yake: wiki zile mtama uko na maziwa ndani, mtoto anaamkia shambani kabla ya shule, debe mkononi, sauti imekauka, na akitoka shule anarudi pale pale. Kuna familia zimeacha mtama kabisa zikarudia mahindi yanayokauka kila mwaka wa pili, juu mahindi angalau hayahitaji mlinzi wa alfajiri.

Huyo mtoto akiona bulpapu kwa simu, namuelewa kabisa. Lakini piga hesabu ile ile. Wewe na peleti moja moja dhidi ya tani moja kwa siku. Utamaliza hewa, utamaliza peleti, na ndege wataruka mpaka shamba la jirani, wangoje, warudi. Hata serikali ikipambana na kwelea haitumii bunduki. Inatafuta pale wanapolala usiku, inapuliza dawa, na hiyo nayo ina kesi yake, juu dawa hiyo inaua hadi mwewe na bundi waliokuwa wanakusaidia.

Upande wa Makueni kuna ndovu. Mtito Andei, Kibwezi, wale wanaopakana na Tsavo na vilima vya Chyulu, huko mtu analima msimu mzima na ndovu anavuna usiku mmoja. Hapa hata sitapoteza wakati. Peleti ya jouli 43 kwa ndovu wa tani tano ni kumtumia tu ujumbe wa kumkasirisha, na anwani yako iko juu yake.

Halafu kuna wale wa kanga na digidigi. Kuwinda kwa mchezo kulipigwa marufuku Kenya 1977. Wengi wanajua hilo. Wachache wanajua kwamba hata kuwinda kwa ajili ya sufuria ya nyumbani ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na sheria hiyo iliandikwa na faini isiyopungua 30,000 ama miezi sita ndani. Ukiuza hiyo nyama, iliandikwa kuanzia 200,000 ama mwaka mmoja. Sasa changanya na kesi ya bunduki. Kanga mmoja, mashtaka mawili, mahakama mbili za maisha yako: ile ya KWS na ile ya silaha.

Sababu ya pili ni mpaka. Kitui ya mashariki, Mutha, Endau, Ngomeni, Tseikuru, huko kwa miaka mingi wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombania maji na malisho, na watu wamekufa. Bunduki haramu huko si hadithi ya Nairobi. Polisi wanaotumwa huko wanatembea wakitarajia AK. Sasa wewe uko na bulpapu nyeusi, fupi, na darubini juu, umevaa jaketi la rangi ya jeshi uliyonunua mtumba kwa sababu inapendeza, unatafuta kanga kichakani saa kumi na mbili jioni. Karao aliye mita themanini hana njia ya kujua ndani kuna hewa. Kwa mtu aliyeshika radhi kwa redio na wasiwasi kifuani, wewe ni umbo tu. Na nikisema kaliba ya 7.62 inaleta shida, hii ndiyo shida: ni nambari ile ile ya AK. Jaribu kueleza tofauti ya jouli 100 na 2,000 ukiwa umelala kifudifudi na pingu mkononi.

Mtaani tuna neno la bunduki bandia, bonoko, na kila mtoto wa Nairobi anajua lilivyopata sifa mbaya: msee anapigwa risasi, halafu bonoko inapatikana kando yake. Neno lilitoka mtaani likafika mpaka kwa magazeti. Kwa nchi ambayo bunduki bandia imewahi kutumika kueleza maiti, kutembea na bunduki ya kweli ambayo wewe mwenyewe unaiita toi ni kujichimbia.

Uta wa babu na leseni ya tajiri

Lakini pia tusijifanye hii sheria ilishuka safi kutoka mbinguni. Wakamba walikuwa mafundi wa kutyuni kabla ya FX kuzaliwa. Uta unaokwisha kwa kimo cha mwenyewe, mshale uliopimwa uzito, manyoya yaliyokatwa ndiyo mshale usiyumbe, na sumu ya ivai iliyopikwa kutoka kwa mti hadi ikawa nyeusi kama lami, sumu inayosimamisha moyo. Huo ulikuwa uhandisi. Halafu mkoloni akaja na sheria za wanyama, na ghafla mzungu mwenye bunduki na karatasi akawa mwindaji, na Mkamba mwenye uta akawa jangili. Miaka ya 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa Tsavo dhidi ya wawindaji wa mishale, Wawata na Wakamba, na wengi wakaishia jela. Wazee wa Kibwezi bado wana hizo stori. Waulize vizuri, ukibeba sukari.

Mpaka leo huo mpasuko hauja fungika. Kiambu, pale Kirigiti, kuna uwanja wa shabaha ambapo raia wenye leseni wanashindana wikendi, na wako sawa kisheria. Ni mchezo halali. Lakini angalia nani anafika hapo. Kupata leseni kunataka sababu, ukaguzi, muda na ganji. Katiba yetu haikupi haki ya kubeba bunduki, inaachwa kuwa ruhusa, na ruhusa Kenya ina kawaida ya kupanda lifti kabla ya ngazi. Mfanyabiashara wa Westlands ataeleza usalama wake na ataskizwa. Mkulima wa Mutomo aliyepoteza mtama miaka mitatu mfululizo, nani atamskiza akisema anahitaji 5.5? Mimi sioni kama jibu ni kugawa bunduki za upepo Ukambani kama mbolea ya ruzuku. Lakini kama sheria inaweka mtutu wa milimita 5.5 kwa kapu moja na AK, basi ingekuwa haki angalau kuwe na ngazi ya katikati, kama vile nchi nyingine zilivyoweka kikomo cha jouli, na mtoto wa Wote anayetaka kupiga shabaha kama mchezo apate klabu karibu kuliko Kiambu. Hilo ni swali la kumuuliza mbunge wako, si la kujibu mwenyewe na mzigo kutoka Dubai.

Kama tayari nyumbani kuna moja ya zamani, ile ya kuvunja katikati ambayo babu aliachiwa na mwajiri wake wa enzi hizo, usiitembeze. Usiibebe kwa boda hadi stesheni ukifikiria utapongezwa. Nenda kwanza bila hiyo kitu, ukiwa na chifu ama wakili, useme iko, iko wapi na imetoka wapi, waseme itachukuliwa vipi. Na usiiuze mtandaoni, hata kama imeoza. Ukishaweka picha na bei, umeandika ushahidi kwa mkono wako.

Kuhusu ndege, zile zinazofanya kazi ni za kuchosha na hazina vidio nzuri. Pandeni wakati mmoja na majirani ndiyo shamba lako lisiwe hoteli ya pekee. Vuna mapema, usiache Gadam isimame imekauka. Mtama mwekundu wenye uchungu ndege hawaupendi sana, ingawa soko lake ni dogo na ugali wake una watu wake. Kwa ndovu, uzio wa mizinga ya nyuki ulijaribiwa Sagalla karibu na Voi tangu 2009 na umeonyesha kazi, na kama kuna watu Kenya hawahitaji kufundishwa nyuki ni watu wa Kitui na Kibwezi.

Na fidia ipo. Sheria ya 2013 iliweka milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama wa porini, tatu kwa aliyelemazwa, hadi mbili kwa majeraha mengine, na mazao pia yanaweza kudaiwa kupitia kamati ya kaunti. Usitarajie kitu kwa kwelea. Kwa ndovu, ripoti KWS mara moja, siku hiyo hiyo kama unaweza, chukua nambari ya ripoti. Piga picha za nyayo, za kinyesi, za mahindi yaliyolala, na moja kutoka mbali inayoonyesha shamba lote. Wengi hukataliwa kwa sababu walienda wiki mbili baadaye, mvua ikiwa imeshafuta kila kitu.